Chembe Nyeupe Ndani ya Tangi

Chupa ya petroli ilikaa katikati ya meza, na ndani yake, chini kabisa, zilikuwa zimetuama chembe nyeupe.

"Sukari," alisema Alfonce. "Hata kipofu anaiona. Afande, unasubiri nini?"

Sajenti Sabiha, mpelelezi wa kituo cha Bunda, aliinua chupa, akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Chembe zilipanda, zikazunguka, zikashuka tena taratibu. Mtu mwenye hasira ukimwacha aongee, hatimaye husema yote aliyonayo, na Alfonce alikuwa nayo mengi.

Jumamosi asubuhi baba yake, Mzee Stanislausi, mfugaji wa Butiama, alikuwa analeta maziwa Bunda kwa Landrova yake ya zamani. Karibu na mji alitoka kulipita trekta. Akiwa upande wa kulia, katikati kabisa ya kulipita, injini ikakata pumzi. Mbele lilikuwa linakuja lori la pamba. Mzee akavuta usukani, Landrova ikaenda mtaroni, lori likapita likipiga honi. Mzee alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika.

Mtuhumiwa alikuwa mahabusu: Anuari, fundi wa Nyasho kule Musoma, aliyelihudumia gari hilo tangu zamani. Wiki chache kabla ya ajali, mbele ya watu gerejini kwake, alikuwa amemwambia Mzee, "Gari hili litakuua." Alfonce alikuwepo, aliyasikia. Na mkaguzi wa magari, alipofungua tangi baada ya ajali kuchukua sampuli, ndipo alipozikuta hizo chembe. Gari lenyewe lilipotolewa mtaroni liliwaka mara moja, likanguruma kama halijawahi kuugua.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa neno lake. Jioni hii Sabiha alete maelezo mengine, la sivyo kesho Anuari anasomewa shtaka la kujaribu kuua.

"Masanja," Sabiha aliita. "Leta sukari ya chai na glasi mbili za maji."

Konstebo Masanja, dereva wa kituo, Msukuma asiyejua kunyamaza, aliviweka mezani. "Tunakunywa, Afande, au tunapeleleza?"

"Koroga."

Sabiha alichuja petroli kwa kitambaa, akazianika chembe dirishani mpaka zikakauka, akazitia glasi moja. Glasi nyingine akatia sukari. Masanja akakoroga zote mbili. Sukari ikayeyuka, maji yakabaki maangavu. Glasi ya pili ikawa na ukungu, kisha juu yake likatokea povu jembamba.

"Hii chai siitaki," alisema Masanja.

"Sabuni," alisema Sabiha.

Alfonce aliinama juu ya glasi. Aliponyanyuka, macho yalikuwa yanawaka zaidi ya mwanzo. "Basi ndiyo mbaya zaidi. Nani anashikaga sabuni na petroli kwa mkono mmoja? Mafundi. Tangi likivuja wanaziba kwa sabuni ya mche. Umejithibitishia mwenyewe, Afande."

Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Alfonce alikuwa amesema kweli.

*

Anuari alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alipowaona Sabiha na Masanja alisimama.

"Ulimwambia Mzee gari litamuua?"

"Nilimwambia. Kwa mdomo huu huu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa linakata moto njiani na yeye hataki kulilaza gerejini. Afande, nimebadilisha platini. Nimebadilisha kondensa, koili, plagi. Kabureta nimeifungua mpaka naiota usiku. Akiniletea Nyasho, gari zima. Nalizungusha mji mzima, nalipandisha kilima, nalikanyagia, halimisi, halikohoi hata kidogo. Anarudi kwake, akielekea Bunda linamisi. Nikamwambia, Mzee, ugonjwa nisiouona siwezi kuutibu, na gari hili litakuua."

"Alfonce anasema hicho ndicho kinachokufunga. Likiwa kwako zima, likitoka kwako gonjwa."

"Ningekuwa daktari mngenifunga kwa sababu mgonjwa anapata nafuu akiniona?"

Masanja alicheka. Sabiha akamtazama, Masanja akaacha.

"Uliweka sabuni kwenye tangi?"

Fundi alikunja uso kama aliyetukanwa. "Tangi nimelichomelea mwenyewe. La zamani lilikuwa chini ya kiti, limeoza kwa kutu. Nikatengeneza jipya, nikaliweka nyuma chini ya benchi, ndani ya turubai. Halivuji popote. Nilipake sabuni ya nini?"

"Na tangu uweke tangi hilo ndipo likaanza kumisi?"

"Hapana. Lilitembea miezi bila neno. Muulize Mzee mwenyewe kama unaniona mwongo."

*

Mzee Stanislausi alikuwa amelala hospitalini, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa juu ya mito.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundi wangu mmeshamwachia?"

"Bado."

"Alfonce anapendaga vita tangu mdogo. Mimi sikusema Anuari kanifanya kitu."

Sabiha alivuta kiti. "Nieleze gari linavyofanya. Usiniambie unavyodhani, niambie linavyofanya."

Mzee alitazama dari, akalikumbuka gari lake kama mtu anavyokumbuka ng'ombe. "Linaanza vizuri. Linatembea. Nikishakwenda mwendo mrefu, linaanza kukohoa. Nikikanyaga mafuta halivuti, linasita, linarudi nyuma, kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza. Nikisimama pembeni kwa muda, nikiwasha linatembea tena."

"Kila safari?"

"Nikija Bunda au nikirudi tu. Nikienda Musoma halijawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ndiyo maana Anuari analiona zima."

Masanja alitikisa kichwa. "Basi gari linaipenda Musoma kuliko Bunda."

Sabiha hakucheka. "Mzee, mafuta unajaza wapi?"

"Nikienda Musoma najazaga Makutano, pale njiani. Nikija Bunda najazaga hapa hapa, nikishauza maziwa."

"Rudia."

Mzee akarudia, akimshangaa.

"Na ulipofika gerejini kwa Anuari, ulikuwa umetoka kujaza Makutano."

"Siku zote."

Sabiha alisimama. Mzee akamshika mkono. "Maziwa ya mama Alfonce karibu yote yamemwagika. Na wateja ndiyo kwanza walikuwa wameanza kurudi."

"Walikuwa wamekwenda wapi?"

"Ah, maneno ya wateja," alisema Mzee. Muuguzi akaingia na sindano, mazungumzo yakaishia hapo.

*

Landrova ilisimama kwenye ua wa kituo, bamba la kulia limekunjwa na mtaro. Sabiha aliamuru iongezwe petroli, kisha akaukaza mfuniko wa tangi kwa mkono wake mpaka ukagoma.

"Tunakwenda Butiama," alisema. "Masanja anaendesha. Anuari na Alfonce mnakaa nyuma."

"Mimi nikae na huyu?" Alfonce aliuliza.

"Benchi moja. Nataka mnachosikia mkisikie pamoja, kesho asitokee wa kusema nilimficha."

Anuari alipanda na pingu mkononi. Alfonce alikaa mwisho kabisa wa benchi. Chini yao lilikuwa tangi.

Barabara kuu ilikuwa nyeupe kwa jua. Masanja aliendesha kwa furaha ya mtu aliyepewa gari la kale, akibadilisha gia kwa bega zima. Injini iliimba. Walipita mashamba, wakapita vijiji, wakapita makundi ya ng'ombe, na injini ikaendelea kuimba.

"Halimisi," Alfonce alisema kwa nyuma. "Fundi yumo ndani, linaogopa."

"Likikaa kimya unanilaumu, likikohoa unanilaumu," Anuari alijibu. "Wewe ungemlaumu mkunga kwa sababu mtoto analia."

"Mkunga hamwambiagi mama, mtoto huyu atakuua."

"Nyamazeni," alisema Sabiha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Kilima kilikuja. Masanja akakanyaga. Gari likasita. Likavuta kidogo, likasita tena, likatikisika lote kama linapiga chafya. Masanja akapampu mafuta kwa mguu. Injini ikajibu kwa kikohozi kimoja na kunywea.

"Pembeni," Sabiha aliamuru. "Zima."

Ikawa kimya. Upepo tu ulikuwa unapiga turubai.

"Umeona sasa?" Alfonce alisema. "Sabuni yake imefika kwenye kabureta."

"Nani amemshikisha spana tangu Jumamosi?" Sabiha aliuliza. "Alikuwa kwangu, nyuma ya mlango wa chuma. Na kama ni uchafu kwenye kabureta, usingengoja safari ndefu, ungemsumbua Mzee hata uani kwake. Hili ni la kuja polepole. Shukeni wote, msimame hapa nyuma. Sikilizeni."

Aliingia chini ya turubai, akashika mfuniko wa tangi kwa mikono miwili, akauzungusha. Ulikuwa umegoma. Akakaza meno, akazungusha tena.

Tangi likavuta pumzi. Sauti ilikuwa ndefu, ya kunyonya, kama mtu aliyezamishwa majini akainuliwa juu. Wote wanne waliisikia.

"Limevuta hewa," Masanja alisema kwa sauti ndogo.

"Washa."

Aliwasha. Injini ikashika mara moja, ikanguruma bila kasoro, na alipoikanyagia ikapanda kama kijana.

Sabiha alishuka na mfuniko mkononi. "Mmewahi kunyonya chupa kwa mdomo, mkaibana midomo isipite hewa? Mwanzo inakupa. Mwisho inakushika mdomo na haikupi kitu. Injini inanyonya petroli, lakini hakuna hewa ya kuingia mahali petroli ilipotoka. Tangi linakaza. Mwendo mfupi hujui. Mwendo mrefu, na hasa ukitaka nguvu, kwenye kilima au ukilipita trekta, linakunyima. Mzee akienda Musoma anafungua mfuniko Makutano kujaza mafuta, tangi linapumua, anafika kwako, Anuari, gari likiwa zima. Akija Bunda, au akirudi, hafungui popote njiani. Na siku ya ajali mkaguzi alifungua kuchukua sampuli, ndiyo maana likawaka."

Anuari alikuwa amefumba macho. "Afande, haiwezekani. Mfuniko ule niliutoboa tundu. Kwa msumari, katikati. Kwa ajili ya hewa hiyo hiyo."

Sabiha aliugeuza mfuniko, ndani ukawa juu. Katikati, palipopaswa kuwa na tundu, palikuwa na donge la sabuni, limekandamizwa na kulainishwa kwa kidole gumba. Pembeni lilikuwa limemeguka. Chembe za kwenye chupa zilikuwa zimetoka hapo.

Alfonce alimrukia fundi kwa maneno. "Umeona? Mfuniko wake, tundu lake, sabuni yake."

"Lete gumba lako, Anuari."

Fundi alinyoosha mikono yenye pingu. Gumba lake lilikuwa pana na bapa, limepigwa nyundo mara nyingi. Sabiha aliliweka juu ya alama iliyokuwa kwenye sabuni. Lilifunika alama yote na likazidi pembeni.

"Alama ni nyembamba," alisema. "Na ni nyeusi. Tazameni mistari ya kidole, imejaa weusi."

"Grisi," alisema Alfonce.

"Grisi ingeshafutwa na petroli zamani. Petroli ndiyo mnayonawia, si ndiyo, fundi?" Anuari akaitikia. Sabiha alipitisha kucha kwenye alama, akaisugua kwenye karatasi nyeupe. Ikaacha unga mkavu mweusi. "Haya ni masizi. Aliyeziba hapa alikuwa na masizi mkononi. Gerejini hakuna masizi. Wewe unajua mahali penye masizi, Alfonce?"

Alfonce aliupokea mfuniko. Aliutazama kwa muda mrefu. Kila alfajiri ya maisha yake alikuwa amemwona mtu mmoja akifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya moto, vidole vyake vyeusi mpaka kwenye fundo.

"Afande," alisema, "turudi Bunda. Mimi nafuta mashtaka."

"Kesi si shati ulivue ukiona joto."

"Nakuomba. Yule ni mama mzee."

"Asubuhi hukuniomba," alisema Sabiha. "Panda."

*

Nyumba ya Mzee Stanislausi ilikuwa kati ya mawe makubwa, na vibuyu vilivyooshwa vilikuwa vimepinduliwa juu ya ua vikikauka. Mama Euphrasia, mkewe, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Aliona gari la mumewe, akatabasamu. Kisha akaona pingu.

"Fundi wetu kafanya nini?"

"Shikamoo, mama," alisema Sabiha.

"Marahaba. Nimeuliza, fundi wetu kafanya nini? Alfonce, mbona unatazama chini?"

Sabiha alimpa mfuniko. "Huu unaujua?"

"Naujua. Sabuni hiyo nimeweka mimi."

Alisema wazi, bila aibu, tena kwa fahari kidogo. Alfonce alifumba macho.

"Kwa nini, mama?"

"Tangi lilipohamishiwa huku ndani, maziwa yakaanza kunuka petroli. Barabara mbovu, jua kali, ile harufu inaingia mpaka kwenye vibuyu. Kule Bunda nikarudishiwa. Dada mmoja akaniambia mbele za watu, mama, sisi tunakunywa, hatujazi pikipiki. Nililia njia nzima. Basi nikaja kutazama, nikakuta mfuniko una tundu. Nikasema huyu Anuari ni fundi mzuri, lakini tangi lake linavuja juu. Kila mtu anajua sabuni inazuiaga petroli. Nikaziba. Harufu ikaisha, wateja wakarudi. Sikutaka kumwambia fundi asije akajisikia vibaya."

Anuari aliketi juu ya jiwe. Alianza kucheka taratibu, mabega yakimtikisika, na alipotaka kujifuta macho pingu zikamzuia.

Sabiha alimweleza mama Euphrasia habari ya chupa na midomo, ya kilima, ya trekta. Alieleza bila kupunguza, kwa sababu mama huyu angepanda gari hilo tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mfuniko chini, akanyoosha mikono yake yote miwili, yenye masizi, mbele ya Sabiha.

"Basi nimemvunja mume wangu mguu. Mvueni fundi hizo, mnivike mimi."

Alfonce alijitia katikati yao. "Mimi ndiye niliyemshtaki mtu. Afande, nichukue mimi."

"Sitaki mtu," alisema Sabiha. "Shusha mikono, mama. Asubuhi mwanao alinitaka nitafute nia ya kuua. Nimetafuta tangi zima. Nilichokuta ni nia ya maziwa safi, na hiyo haina kifungu."

Alitoa simu, akampigia mkuu wa kituo, akaeleza kwa ufupi: tundu, sabuni, masizi, mwendo mrefu. Upande wa pili pakasikika kicheko cha mtu aliyekuwa amejiandaa kwa jambo baya. "Mwachie," sauti ilisema. "Maelezo yaandike leo."

Masanja alikuwa ameshatoa ufunguo kabla simu haijakatwa. Pingu zikafunguka. Anuari alijisugua vifundo vya mikono, akamtazama Alfonce.

"Nilikuita muuaji mbele ya watu," alisema Alfonce. Ilimtoka kwa shida.

"Uliniita. Jumamosi utakuja Nyasho, uniite fundi mbele ya watu hao hao. Kwa sauti ile ile."

"Nitakuja."

"Na kosa langu nami nalisema," Anuari aliendelea, akimgeukia mama. "Nilitoboa tundu nikajua la nini, sikumwambia anayepakia mzigo. Alfonce, nitafutie mpira mwembamba, wa kunyweshea bustani unafaa. Tutaufunga kwenye tundu, tuupitishe sakafuni utokee chini ya gari. Tangi lipumulie nje, maziwa yakae ndani."

Alfonce alikwenda mbio, kama mtu aliyetumwa na baba yake. Walifanya kazi pamoja chini ya turubai. Masanja akiwa mbele alimpigia Mzee hospitalini, akampa habari kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kutoka kwenye simu Mzee alisikika akicheka, kisha akilalamikia mguu, kisha akicheka tena.

Mpira ulipokwisha kufungwa, mama Euphrasia alirudi kutoka jikoni na kibuyu.

"Hiki kilikuwa ndani ya gari siku ile," alisema. "Ndicho pekee ambacho hakikupasuka, Masanja wenu alikirudisha. Yameganda vizuri. Lakini sijathubutu kuyaonja. Naogopa harufu."

Alimimina kwenye kikombe, akampa Anuari. Hakumpa Sabiha, wala mwanawe. Alisimama mbele ya fundi, mikono ameikunja kwenye kanga, akimtazama usoni. Hata alipokuwa amenyoosha mikono kwa pingu hakuwa na wasiwasi kama huu.

Anuari alinusa kwanza, kama anavyonusa mafuta machafu. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni. Akanywa kikombe chote.

"Hayana petroli, mama," alisema, akarudisha kikombe. "Niongeze."

Mama Euphrasia alikaa chini pale pale kwenye jiwe, akavuta pumzi ndefu, kisha akainua kibuyu.